Kompyuta Ishirini na Tatu na Kitanda Kimoja

Illasit,
16 Februari 2025

Kaka Mbuvi,

Nakusalimu wewe na Florence. Huku tuko wazima. Mvua bado, lakini maji ya mfereji tunapata Jumanne na Ijumaa, na vitunguu vimefika unene wa kidole gumba. Sandra amerudi chuoni hapo Kitengela na anasema chakula cha hosteli ni maharagwe na ukimya. Metito amechaguliwa shemasi wa kanisa, kwa hivyo sasa nimeolewa na mtu wa kukusanya sadaka.

Usishangae kuona barua. Tangu mwaka uanze nimekupigia simu mara sita. Tunaongea vizuri, unauliza habari za shamba, na mara tu ninapotaja chumba cha Mwaitu, mama yetu, mtandao wa Kitengela unapotea. Mara sita, kaka. Karatasi haina mtandao. Nzomo, dereva wa lori ya nyanya, ataileta mpaka getini kwako, na nimemwambia akukabidhi mkononi.

Sasa jambo lenyewe. Mama yetu alipoanguka kule Kibwezi na kufanyiwa upasuaji wa nyonga, tulikubaliana mimi na wewe, tukiwa tumesimama nje ya wodi, kwamba akae kwangu wiki mbili ukitayarisha kile chumba cha wageni. Alifika hapa Desemba mosi. Leo ni wiki ya kumi na moja. Anatembea na kile chuma cha miguu minne, anakula, hasumbui mtu. Shida ni kwamba hii ni nyumba ya mkwe wake. Wewe ni Mkamba, sina haja ya kukufundisha nthoni. Mama hali mbele ya mume wa binti yake, hakai naye chumba kimoja, na halali chini ya paa lake. Sasa analala. Metito naye ni Mmaasai, ana enkanyit yake, ambayo ni heshima hiyo hiyo kwa jina lingine. Hao ni watu wawili wenye adabu nyingi ndani ya nyumba ya vyumba vitatu. Metito anakula stoo, amekalia gunia. Kiti chake cha sebuleni hajakikalia tangu Krismasi.

Niambie tarehe. Sitaki maelezo, nataka tarehe.

Mimi dada yako,
Nthambi


Kitengela,
2 Machi 2025

Dada Nthambi,

Barua yako ilifika tarehe 19 Februari, saa nne asubuhi, ikiwa na alama ya nyanya kwenye kona. Nzomo alikataa kuniachia mpaka nitaje jina la babu yetu. Tunakusalimu. Florence anaendelea na kufundisha darasa la watoto hamsini na wawili, na mimi, tangu gazeti linipe saa ya ukutani na kunitakia maisha mema, ninaandika safu moja kwa wiki na kubishana na fundi wa maji siku sita zilizobaki. Mpe shemasi pongezi zangu.

Kuhusu chumba. Chumba kipo. Kuna suala la unyevu kwenye ukuta wa nyuma, na nisingependa mtu wa umri wa Mwaitu alale palipo na unyevu. Ninalishughulikia. Kazi ya aina hii haiharakishwi.

Nikuulize swali moja bila nia mbaya. Ninyi ni watu wa kanisa, na sasa mume wako ni shemasi. Je, mambo ya nthoni hayakwisha zamani? Mtu aliyeokoka si anaweza kunywa chai na mama mkwe wake wakitazama habari?

Nikipata tarehe nitakujulisha mara moja.

Kaka yako,
Mbuvi


Illasit,
23 Machi 2025

Kaka Mbuvi,

Salamu kutoka kwetu. Vitunguu tunavuna mwezi ujao Mungu akipenda. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume, na Metito amefurahi kama aliyezaa yeye.

Nilimsomea Metito swali lako kupitia dirisha la stoo. Akasema, "Mwambie shemeji kwamba niliokoka dhambi. Adabu sikuokoka." Nilimuuliza Mwaitu pia. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama anaweza kwenda sokoni bila nguo.

Nikueleze tunavyoishi, wewe mtu wa habari. Metito akirudi kutoka shambani hukohoa mara moja akiwa getini. Mwaitu akisikia huanza safari ya kutoka sebuleni kwenda chumba cha Sandra. Safari hiyo inachukua dakika nne kwa sababu ya nyonga. Metito hungoja. Akifika mlangoni hukohoa tena, na Mwaitu kama bado hajafika huita, "Bado." Basi mwenye nyumba anarudi nyuma na kutazama mlima. Mara mbili amenyeshewa, na wewe unajua mvua ilivyo haba.

Halafu nilimtuma Sandra kwako wiki jana. Nilimwambia, mpelekee mjomba mchicha, uangalie huo unyevu. Amenipigia simu. Nakuandikia alivyosema, sijaongeza kitu: "Mama, hakuna unyevu. Kuna kompyuta. Si ati moja, ni chumba kizima. Kitandani zimelala tano zimefunikwa shuka. Mjomba amewasha moja ikahesabu kutoka moja mpaka mia, na yeye akasimama kando akiitazama kama mtoto anajifunza kutembea."

Kaka, wewe uliandika ukweli wa watu wengine miaka thelathini na miwili.

Nthambi


Kitengela,
13 Aprili 2025

Dada Nthambi,

Tunawasalimu nyote na tumefurahi kwa ndama. Hapa mvua imenyesha siku nne mfululizo na barabara yetu imerudia kazi yake ya zamani ya kuwa mto. Sandra alikula chapati nne. Namshukuru kwa mchicha na namsamehe kwa ripoti, ambayo ilikuwa fupi, sahihi na yenye chanzo kimoja cha kuaminika. Ningeichapisha.

Gazetini, tukikosea, tulitoa masahihisho ukurasa wa pili kwa herufi ndogo. Haya ni yangu. Katika barua ya tarehe 2 Machi niliandika kwamba chumba kina unyevu. Hakina. Kina kompyuta za nyumbani ishirini na tatu, televisheni nne za zamani zenye mgongo mkubwa, kanda za kaseti mia moja sitini, na njia inayopitisha mtu mmoja aliyejigeuza ubavu. Kitanda kipo. Hali yake ni kama alivyoeleza shahidi.

Ilivyoanza ni hivi. Mwaka wa 2006 ofisi ilibadilisha kompyuta, tukaambiwa anayetaka ya zamani achukue. Wenzangu walichukua moja moja kwa ajili ya watoto. Mimi na Florence hatukuwa na mtoto, nikachukua tatu. Kufikia 2011 nilikuwa nazo kumi na tisa, zote za ofisi, zote rangi ya maziwa yaliyoanza kuganda. Siku moja Florence aliniuliza tofauti ya ile ya nne na ile ya tano. Nilifikiri kwa muda mrefu. Wiki iliyofuata nilizitoa zote kwa mtu wa vyuma Athi River, nikajiona nimepona.

Nilikuwa mzima miezi saba. Kisha nilitumwa Kajiado kuandika habari za mnada wa stoo ya shule, na kwenye meza, kati ya mizani ya maabara na fuvu la mbuzi, ilikuwapo BBC Micro yenye safu ya vitufe vyekundu. Hiyo ni kompyuta ya miaka ya themanini, ya kuchomekwa kwenye televisheni. Haikuwa na habari ndani yake, lakini nilirudi nayo. Hapo ndipo nilipojua kwamba ugonjwa ulikuwa umebadilisha jina tu. Ikaja Commodore 64 ya kahawia, kutoka kwa mmishonari aliyekuwa akihama. Ikaja Sinclair Spectrum, ndogo kama Biblia ya mfukoni, vitufe vyake laini kama sabuni iliyolowa. Ikaja Amstrad yenye kaseti ndani ya kibodi. Mwaka wa 2017 nilikuwa na thelathini na moja.

Nimekuwa na misimamo, dada. Kwanza nilisema nitabaki na zile zinazofanya kazi tu, nikashuka hadi kumi na mbili. Kisha niliona kwamba zisizofanya kazi ndizo zinazohitaji mtu, nikapanda hadi ishirini na saba. Kisha nikasema moja ikiingia, moja itoke. Kanuni hiyo imeniletea ishirini na tatu, na sijui hesabu yake inavyokwenda.

Utauliza zinafanya nini. Ile yenye nguvu kuliko zote haiwezi kubeba picha moja iliyo kwenye simu ya Sandra. Ukitaka mchezo, unacheza kaseti dakika tano, inalia kama bati likikwaruzwa, na mwisho wake mara nyingi inakwambia ujaribu tena. Mimi hujaribu tena. Nina umri wa miaka sitini na moja.

Nipe mpaka mwisho wa Juni. Hiyo ni tarehe.

Kaka yako,
Mbuvi


Illasit,
18 Mei 2025

Kaka Mbuvi,

Salamu. Tumevuna. Magunia ni mengi kiasi kwamba Metito amekosa pa kukaa hata huko stoo, na sasa anakula amesimama. Mgongo unamuuma lakini analaumu jembe.

Nimesoma masahihisho yako. Nimecheka, sikatai. Halafu nilimwangalia Mwaitu pale alipokaa na kicheko kikaisha.

Kuna jambo lingine. Mwezi uliopita alikuja mhudumu wa afya wa kijiji na vikopo vya makohozi. Majirani walikuwa wamempelekea habari kwamba shemasi anakohoa kila jioni tangu Desemba, na wanahofia kifua kikuu. Metito ni mtu mnyoofu, akatema kwenye kikopo. Hakuweza kumweleza msichana wa watu kwamba anakohoa kwa sababu ya mama mkwe. Majibu yamekuja, ni mzima. Lakini Jumapili watu wanampa mkono wakiwa wamegeuza uso.

Mwaitu alisikia yote hayo kupitia ukuta. Tangu siku hiyo hatoki tena chumbani mchana, hata Metito akiwa shambani, ili asije akamfanya akohoe. Nilimpelekea chakula akaniuliza, "Mbuvi amesema lini?" Nikamwambia mwisho wa Juni. Akarudisha sahani bila kuigusa.

Metito ameleta mawe lori mbili na fundi. Nilipomuuliza ni ya nini, aliniambia nikikuandikia niseme ni stoo. Kwa hivyo nasema ni stoo.

Nthambi


Kitengela,
15 Juni 2025

Dada Nthambi,

Tunakusalimu. Florence amepata mafua lakini anaendelea vizuri. Nimehuzunika kwa habari ya vikopo na nimefurahi kwa majibu. Mwambie shemeji stoo ya vitunguu iachwe na matundu ya hewa upande wa upepo, si chini ya manne. Niliandika makala kuhusu hilo mwaka wa 2003.

Taarifa ya maendeleo. Kutoka ishirini na tatu nimefika kumi na tisa. Najua unatarajia zaidi, kwa hivyo nitatoa hesabu kamili. Zimetoka tisa na zimeingia tano. Jamaa wa Rongai aliyechukua nne za kwanza alikuja na Amiga ya kubadilishana, na kukataa kungekuwa utovu wa adabu. Mwingine alileta Atari mbili na kusema mkewe amempa saa ishirini na nne. Nilimwonea huruma mtu mwenye mke wa namna hiyo. Mbili zilizobaki sitazieleza.

Nilifikiri pia juu ya rafu. Ukipandisha rafu za mbao mpaka darini pande tatu, kitanda kinabaki huru katikati na kompyuta zinakuwa juu. Nilimchorea Florence. Aliutazama mchoro, akanirudishia. "Mbuvi," akasema, "huyo ni mama yako. Unataka kumhifadhi na wengine?"

Naomba kuongeza muda hadi katikati ya Agosti, shule zikifungwa, Florence aweze kusaidia kubeba. Mwambie Mwaitu kazi imeanza. Hilo ni kweli, na linaweza kuthibitishwa.

Kaka yako,
Mbuvi


Kitengela,
24 Agosti 2025

Dada Nthambi,

Natumaini hamjambo. Sijapata barua yako tangu ile ya Mei. Nilimuuliza Nzomo mara tatu kama ameipoteza. Mara ya tatu alisema, "Mzee, siwezi kupoteza kitu ambacho sijapewa," akaondoa lori. Nikipiga simu unasema uko shambani na mtandao ni mbaya. Nimeuelewa ujumbe.

Nakueleza kilichotokea. Mwanzoni mwa mwezi niliazima kwa jirani chuma cha miguu minne kama cha Mwaitu, nijue kama kinapita. Nilikipima: sentimita sitini na tatu. Njia yangu ni sentimita arobaini na nane. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi niliingia nacho ili niwe na uhakika, na nikanasa kati ya Amstrad na televisheni, mkono mmoja juu ya chuma, mwingine umeshikilia kabati lisianguke. Nilikaa hivyo dakika ishirini mpaka Florence aliporudi kutoka dukani. Alisimama mlangoni akacheka hadi akakaa chini. Kisha akaacha kucheka. Akasema, "Mtu wa miaka themanini angekuwa amekaa hivyo, na mimi niko shuleni, na wewe umeenda Rongai kuona kompyuta."

Mwalimu mmoja wa Kajiado, jina lake Mwanzia, alikuja na pikapu na kuchukua kumi na nne kwa ajili ya maonyesho ya shule yake, pamoja na televisheni zote na kaseti zote. Aliandika jina la kila moja kwenye daftari, jambo lililonifanya nimwamini. Nne zilikwenda kwa jamaa wa Rongai. Ile BBC ya mnada nilibaki nayo mezani siku tatu. Siku ya nne nikaipeleka Kajiado mwenyewe. Jumla ni kumi na tisa. Nimebaki na sifuri. Nimehesabu mara mbili.

Chumba kimepakwa rangi. Fundi amefunga vyuma vya kushikilia chooni na bafuni. Kitanda kina godoro jipya na kimo chake nimekipima na goti langu. Florence ameshona mapazia.

Nitafika Jumamosi tarehe 6 Septemba na gari la Melvin, jirani yetu, lenye kiti kinacholala nyuma. Mwambie Mwaitu ajiandae.

Kaka yako,
Mbuvi


Illasit,
31 Agosti 2025

Kaka Mbuvi,

Salamu kwako na kwa Florence. Nampongeza kwa mapazia. Usije na gari.

Nilisita kuandika kwa sababu sikujua nianze wapi, nikaona afadhali ufikirie ni hasira. Ilikuwepo pia hasira. Ile stoo si stoo.

Baada ya habari ya vikopo, Metito alikwenda kwa mjomba wake, kisha wakaenda wote wawili kwa Mzee Munguti, yule Mkamba mwenzetu wa kanisani, kuuliza kama kuna njia ambayo haitamvunjia mama heshima. Wazee walikaa Jumamosi tatu. Wakasema hivi: kipande cha ng'ambo ya mfereji kiandikwe jina langu, kisiwe cha Metito. Mawe anaweza kutoa, kwa sababu mawe yanakaa chini. Lakini paa lazima litoke kwingine, maana mama halali chini ya paa la mkwe wake. Mabati yalitolewa na akina mama wa kanisa. Mlango unaangalia mlima, hauangalii kwetu, na geti ni lake peke yake. Chumba ni kimoja, na jiko liko kando. Alihamia Julai 26.

Siku ya kuhamia alivuka daraja la mfereji na chuma chake, polepole, na Metito alikuwa amekwenda mbali kabisa, kule kwa ng'ombe, ili asimwone. Sasa asubuhi Metito husimama upande wetu na kumsalimu kwa sauti, akitazama pembeni. Mwaitu naye hujibu akiwa ndani. Wanaulizana habari za ng'ombe na mgongo. Kwa miezi minane ndani ya nyumba moja hawakuwahi kuzungumza hata neno, ila lile "Bado". Na jana usiku, Metito alikalia kiti chake, akalala hapo hapo na viatu.

Kaka, sitakuficha. Siku ya kwanza ya kikao Mzee Munguti aliuliza mbele ya watu, "Huyu mama hana mtoto wa kiume?" Nikajibu, "Yuko. Anahamisha kompyuta." Watu walicheka. Niliona aibu baadaye, lakini nilikuwa nimeshasema.

Nilimsomea Mwaitu barua yako, vyuma vya chooni na yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwambie arudishe vitu vyake. Chumba kitupu huvuta panya."

Njoo kumtembelea. Usije kumchukua.

Nthambi


Kitengela,
5 Oktoba 2025

Dada Nthambi,

Tulifika nyumbani salama Jumapili ile tuliyotoka kwenu, tukiwa na kabichi zako sita na mkungu wa ndizi ambao Florence amegawia mtaa mzima. Anakushukuru. Mpe Metito shukrani zangu, ingawa nilimwambia ana kwa ana. Alinijibu kwamba hajafanya kitu, ni mawe tu. Niliwahi kuwahoji mawaziri waliojenga choo kimoja wakaongea saa nzima.

Ninaandika kwa sababu kuna mazungumzo ambayo hukuyasikia. Ulipokwenda na Florence shambani kumwonyesha vitunguu, nilibaki na Mwaitu mlangoni kwake. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na hoja nne, nimeziandika kwenye daftari: hospitali iko karibu, umeme haukatiki sana, Florence yuko nyumbani jioni, na mimi ni mtoto wake wa kiume. Nilizisoma kwa mpangilio huo. Yeye alikuwa akichambua maharagwe. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa kadiri Kikamba kinavyokubali kuhama.

"Hizo mashine umezitoa zote?"

"Zote."

"Ulikuwa unazipenda?"

"Ndiyo, Mwaitu."

"Ulichukua muda gani kuzitoa?"

Nilihesabu. Nilimwambia, tangu barua ya kwanza ya Nthambi, miezi sita.

"Ni sawa," akasema. "Kitu unachokipenda hukitoi kwa siku moja. Unakiaga." Akatupa jiwe dogo alilolipata kwenye maharagwe. "Mimi, siku ile mlinitoa hospitali mkanipitisha nyumbani kwangu Kibwezi, mlinipa saa moja. Wewe ulikuwa umesimama na gari likinguruma. Nilitoka na begi la nguo."

Alisema hivyo bila ukali wowote, kama mtu anayetaja saa ambayo gari huondoka.

Ndipo nilipofungua ukurasa mpya kwenye daftari nikamuuliza aliacha nini. Alifikiri ninamtania. Alipoona nimeshika kalamu alianza, polepole, kisha haraka kuliko nilivyoweza kuandika, na kila kitu alinieleza kiko upande gani wa chumba na kimeegemea nini. Ni vitu kumi na sita. Kabati lililotengenezwa na baba. Kinu na michi miwili. Mashine ya kushona, na kiti chake, si kiti kingine. Picha nne. Sufuria kubwa ambayo aliazimwa Katee wa dukani, na lazima nidai bila kugombana. Mche wa mkwaju ulio kwenye debe, kama bado uko hai. Mengine ninayo kwenye daftari. Alipomaliza aliniambia nimsomee yote. Nilikuwa nimeruka kimoja, akakijua.

Nimekubaliana na Nzomo. Ijumaa tutakwenda Kibwezi na lori, tulale huko, na Jumamosi tuje Illasit. Florence amesema anakuja, kwa sababu hana imani na mimi nikiwa peke yangu karibu na vitu vya zamani. Sitapunguza kitu kwenye orodha, wala sitaongeza.

Naomba unifanyie kazi moja kabla ya Alhamisi. Pima mlango wake, upana na urefu, kwa futi ya chuma, si kwa mkono. Kabati la baba lina upana wa futi tatu na nusu na halifunguki vipande. Kama halipiti, mwambie Metito aje na fundi atoe fremu, na akija akohoe kwanza.

Kaka yako,
Mbuvi